Nyumba ya mlimani au kiwanja kilichopimwa: ulinganisho kwa anayenunua na anayeuza Mwanza

Ukiwa na akiba ya wastani na unataka makazi yako mwenyewe Mwanza, madalali watakupeleka pande mbili. Wa kwanza atakupandisha Mabatini, Igogo au Bugarika akuoneshe nyumba ya vyumba vitatu iliyokwisha, umeme upo, unaweza kuhamia mwisho wa mwezi. Karatasi yake ni ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Wa pili atakupakia bodaboda hadi Buswelu, Nyamhongolo, Kishiri au Buhongwa akuoneshe kiwanja chenye namba na kitalu, bikoni (alama za mipaka) zipo, juu yake nyasi tupu. Bei zinaweza kukaribiana kabisa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Msimamo wangu nauweka mapema. Familia inayoweza kuvumilia kupanga miaka miwili mitatu zaidi inunue kiwanja kilichopimwa. Lakini wapo watu ambao nyumba ya mlimani ndiyo inayowafaa, nao nitawaeleza, kwa sababu ushauri wa "nenda pembeni ya mji" hutolewa kirahisi mno na watu wenye magari.

Mji unakoelekea

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana na 343,001 Ilemela, wilaya mbili zinazounda mji wa Mwanza. Sensa ya 2022 ikakuta 594,834 na 509,687. Yaani ndani ya miaka kumi mji umetoka watu laki saba na kidogo hadi zaidi ya milioni moja na laki moja. Hawa hawangeweza kuenea popote wanapotaka: magharibi kuna ziwa, na katikati majabali. Kwa hiyo mji unakua kwa kufuata barabara. Barabara ya Kenyatta inaupeleka kusini kupitia Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Buhongwa. Ya Nyerere inaupeleka mashariki kupitia Nyakato na Igoma hadi Kisesa. Makongoro inaupeleka kaskazini kuelekea uwanja wa ndege.

Ukitaka kujua kwa nini Buswelu imepanda, angalia vilivyofika kwanza: ofisi za Manispaa ya Ilemela, kisha lami ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu. Nyamhongolo imepata stendi ya mabasi. Usagara imepata barabara ya mchepuko inayokwenda Kisesa bila kuingia mjini, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, kwa hiyo hata upande wa Sengerema watu wanaulizia viwanja.

Hapa nina tahadhari moja. Muuzaji atakutajia kila mradi kana kwamba umeshakamilika. Daraja unapita juu yake leo, kwa hiyo lina haki ya kuingia kwenye bei. Reli ya kisasa (SGR) kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, inajengwa; mtu anayetaka ulipie leo bei ya kiwanja "karibu na stesheni" mwambie mtaongea treni ikianza kupita. Na uliza kwanza kama kiwanja chenyewe hakiko kwenye njia ya mradi.

Karatasi

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na unachonunua ni haki ya kuikalia. Kwenye kiwanja kilichopimwa haki hiyo inaishia kwenye hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Hati ndiyo benki inayoishika ukitaka mkopo, na ndiyo inayokulinda mtoto wa muuzaji akirudi kutoka Dar es Salaam baada ya miaka kumi kusema baba hakuwa na haki ya kuuza.

Mlimani mambo hayako sawa kwa kila nyumba, na hili madalali wengi hawakwambii. Mwanza ni miongoni mwa miji ambako urasimishaji wa makazi, yaani kuchora, kupima na kumilikisha nyumba zilizojengwa bila mpango, umefanyika kwa upana. Kuna nyumba mbili zilizopakana ukuta kwa ukuta, moja imo kwenye mchoro, imeshapimwa, imebaki mwenyewe kulipia ankara ya umilikishaji achukue hati. Ya pili mchoro umeipitishia njia, au imeachwa kwa sababu iko kwenye eneo hatarishi. Kwa macho zinafanana, na bei huenda ni moja. Kwa hiyo swali la kwanza mlimani ni hili: nyumba hii ipo kwenye mchoro wa urasimishaji, na namba yake ya kiwanja ni ngapi? Jibu usilichukue kwa muuzaji wala kwa mwenyekiti wa mtaa. Kalichukue kwa afisa ardhi wa halmashauri. Mabatini, Igogo, Buhongwa na Kishiri ni za Jiji, yaani Nyamagana. Kiseke, Buswelu na Nyamhongolo ni za Ilemela. Ukivuka hadi Kisesa uko Magu, na Usagara ni Misungwi. Pembezoni huko unaweza kujikuta kwenye ardhi ya kijiji, ambayo ina sheria yake, Namba 5 ya 1999, na halmashauri yake ya kijiji.

Mwenyekiti wa mtaa ana kazi yake, na ni kazi muhimu: anawajua majirani, anajua mgogoro ulioanza kabla hujazaliwa. Ashuhudie. Ila muhuri wake hauhamishi umiliki, na akikudai asilimia ya mauzo, mwombe akuoneshe sheria inayomruhusu na risiti ya serikali atakayokupa.

Kwa kiwanja chenye hati, omba nakala, nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa ufanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Unalipia kwa namba ya malipo ya serikali, unajibiwa kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio la mahakama au la mwanafamilia au hakuna. Upekuzi uufanye wiki ileile unayolipa. Wa miezi mitatu iliyopita ni habari ya zamani.

Kisha nenda shambani na mpima mwenye leseni. Bikoni halisi ni chuma kilichosimikwa kwenye zege, usawa wa ardhi, na juu ya zege kuna herufi na namba. Namba hizo lazima ziwe zilezile zilizo kwenye ramani ya upimaji. Futa udongo kwa mkono uzisome mwenyewe, pembe zote. Kishiri na Buswelu bado kuna watu wanalima kati ya viwanja. Jembe huing'oa bikoni, na mwenye nia mbaya huisogeza. Mpima akiweka kifaa chake akakwambia kiwanja ulichooneshwa si hicho bali ni kile chenye korongo, umeokoa fedha nyingi kuliko ujira wake.

Tukiwa bado kwenye karatasi, kuna mambo mawili ya kifamilia. Nyumba nyingi za milimani ni za urithi. Ukipita mitaa hiyo utaziona zilizoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na ujue hayo maandishi yameletwa na ndugu mmoja aliyetaka kuuza kimyakimya. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi unaishika mkononi, unaipeleka mahakama hiyo uihakikishe. La pili ni mwenza. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume, hata kama jina lake halimo popote. Usiishie kusaini na baba peke yake sebuleni huku mama yuko jikoni. Mwite, mwamkie, msomee mkataba, asaini na picha yake ibandikwe.

Chini ya nyumba kuna nini

Mwanza mnunuzi anapaswa kuangalia chini kabla ya kuangalia bati.

Kwenye miinuko, msingi wa upande wa bondeni unaweza kupanda hadi urefu wa mtu mzima kabla hujafikia usawa wa sakafu. Mawe ya msingi yapo tele, hata ya kuuza, lakini saruji na mchanga vinapandishwa kwa kichwa kutoka gari lilipoishia, na kila mfuko unaongezeka bei njiani. Ukinunua nyumba iliyokwisha, mateso hayo mwenzako ameshayabeba, na hiyo ni faida ya kweli ya nyumba ya mlimani. Ila sasa ukague alivyobeba. Zunguka nyuma ya nyumba. Jiwe kubwa lililo juu yako limekaa juu ya mwamba au juu ya udongo? Masika hulegeza udongo unaoshikilia mawe. Ukuta wa kuzuia udongo una matundu ya kutolea maji, au maji yanausukuma? Na nyumba iliyopakwa rangi wiki hii, uliza ufa ulikuwa wapi. Bonde nalo lina yake: kando ya mto Mirongo bei huwa ya kuvutia, na mvua kubwa ikinyesha utajua kwa nini.

Pembeni ya mji shida inabadilika. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo mnunuzi yeyote angefaidika kuyajua. Luseni ni mchanga wa miinuko, maji yanazama haraka, msingi unatulia. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, mzuri kwa mpunga na pamba, mbaya kwa nyumba. Kiangazi unapasuka hadi kidole kinaingia, masika unavimba, na nyumba iliyokaa juu yake inainuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka pembe za madirisha zinachanika mshazari. Viwanja vya mbuga vinapimwa na kupewa namba kama vingine. Hati haikwambii udongo. Chimba shimo la mita moja na nusu, au, kama huna muda, mtembelee jirani aliyejenga zamani kidogo uangalie kona za madirisha yake. Ukikuta nyufa kwenye nyumba tatu mfululizo, ama upunguziwe bei kwa kiasi cha msingi wa nondo utakaohitajika, ama uondoke.

Ziara ya kwanza ya kiwanja, kama unaweza kusubiri, iwe kati ya Machi na Mei. Kiwanja kilichokauka Agosti hakikufundishi kitu.

Maji, njia na choo

Kwa miaka mingi Mwanza ilitegemea chanzo cha Capri Point. Chanzo kipya cha Butimba, cha lita milioni 48 kwa siku, kimeongeza nguvu upande wa kusini, na hilo limebadilisha hesabu ya Buhongwa na majirani zake. Hata hivyo maji ya mtaa ni maji ya jirani: muulize siku anazopata, saa anazopata, na umbali wa bomba kubwa. Kama bomba liko mita mia tatu, mabomba ya umbali huo utayanunua wewe. Mlimani mita za maji zipo, lakini mgawo ukiwa mdogo maji hupanda usiku wa manane, kwa hiyo nyumba isiyo na tanki ni nyumba ya kukesha.

Choo kinasahauliwa. Gari la majitaka halipandi ngazi za mawe. Baadhi ya miinuko, zikiwemo sehemu za Mabatini na Igogo, imeunganishwa na mtandao wa majitaka wa mabomba madogo uliotengenezwa mahsusi kwa makazi ya milimani. Nyumba iliyounganishwa huko naipa uzito mkubwa kuliko yenye vigae vipya. Nyumba yenye shimo lililojaa, ambako hakuna gari linalofika, usiinunue hata kwa punguzo.

Na fikiria mgonjwa. Mtu akizidiwa usiku Bugarika juu, anabebwa mgongoni hadi barabarani. Buswelu bajaji inafika mlangoni, ingawa hospitali ya Bugando iko mbali. Kila familia ipime kwa umri wa wazee wake.

Nani anunue nyumba ya mlimani

Mchuuzi wa samaki anayetakiwa kuwa mwaloni Kirumba saa kumi alfajiri, mama lishe wa sokoni, muuguzi wa zamu za usiku Bugando: kwao kukaa karibu ni sehemu ya kipato. Nauli za watu wanne kutoka Buswelu kila siku ya kazi, mwaka mzima, huweza kumaliza faida yote ya kiwanja. Wa pili ni anayetaka wapangaji. Chumba cha kutembea kwa mguu hadi mjini hakikai tupu, na kodi ya miezi mitatu au sita inalipwa mbele. Wa tatu ni yule ambaye kupanga kumemshinda kabisa na hana uwezo wa kujenga. Kumwambia asubiri ni kumwonea. Wote hawa nawaambia jambo moja tu: nunua iliyomo kwenye mchoro wa urasimishaji, hata kama ni ndogo kuliko ile isiyomo.

Nani anunue kiwanja

Mwenye mshahara au biashara inayompa kidogo kidogo, mwenye watoto wadogo, mwenye kupanga kukopa benki baadaye. Ajue kwamba hati huja na sharti la kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Deni la muuzaji likibaki, wewe ndiye utakayeletewa. Kibali cha ujenzi kiombwe kabla ya msingi. Atenge fedha ya kupaua tangu mwanzo, maana boma lisilopauliwa huliwa na mvua, na ni hapo wengi huishiwa.

Maboma ya ndoto hizo zilizokwama ndiyo madalali huyauza kama njia ya tatu: boma lililofika linta. Huwa naliona kama chaguo zuri kwa mtu mmoja tu, mwenye fundi wake anayemwamini kukagua msingi na nondo. Wengine wote walipite.

Kiwanja cha ufukweni

Luchelele na Bwiru kuna viwanja vinavyotazama ziwa, na moyo wa mtu hulainika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na ziwa lenyewe limeonesha sababu: mwaka 2020 maji yalipanda yakavunja rekodi ya 1964, na 2024 yakapanda kupita hapo. Pima mita 60 kutoka alama ya maji ya juu, wala si kutoka pale maji yalipo siku ya ziara. Vivyo hivyo kwenye barabara kuu: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba yenye alama ya X nyekundu, yaani ya kubomolewa, haina bei nzuri, hata iwe na bati la aina gani.

Kwa anayeuza

Wauzaji wa milimani hutumia fedha kupaka rangi na kuweka vigae ili wapandishe bei. Chukua fedha hiyo ukalipie ankara ya umilikishaji. Mnunuzi wa nyumba isiyo na hati ni yule tu mwenye fedha taslimu. Ukiwa na hati, yule wa mkopo wa benki naye anaingia kwenye foleni, na ushindani wao ndio unaoinua bei.

Tunza risiti. Kodi ya faida ya mauzo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyothibitishwa, ipi iliyo kubwa. Chukua nyumba ya milioni 60. Bila risiti, kodi ni shilingi 1,800,000. Kama una mkataba wa kununua kiwanja kwa milioni 12 na risiti za ujenzi za milioni 40, faida ni milioni 8 na kodi ni 800,000. Na kama umeimiliki miaka mitatu au zaidi mfululizo na umeishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 kwenye makazi yako binafsi ina msamaha. Kwa hiyo anayejenga leo Buhongwa aanze leo kuweka risiti za saruji kwenye faili, kwa jina lake. Mnunuzi naye atenge ushuru wa stempu wa asilimia 1, yaani laki sita kwa mfano huu, pamoja na ada za uthamini, kibali na usajili. Mikataba ya "tuandike bei ndogo" ikataeni wote wawili: thamani inathibitishwa na mthamini, na mgogoro ukifika mahakamani, kilichoandikwa ndicho utakachorudishiwa.

Kabla ya kutangaza, muuzaji alipe madeni ya maji, pango la ardhi na umeme wa LUKU, ambako kodi ya jengo hukatwa kila mwezi, na aelewane na dalali mmoja kwa maandishi kuhusu ujira wake. Nyumba inayotangazwa na madalali sita kwa bei sita hushuka thamani kwa kelele zake yenyewe.

Siku ya malipo, pande zote zikutane kwa wakili. Fedha ipite benki, iende kwenye akaunti ya mtu yuleyule aliyetajwa kwenye hati, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka uhamisho usajiliwe kwa jina la mnunuzi. Muuzaji asikabidhi hati halisi kwa malipo ya awali tu. Ibaki kwa wakili, na mkataba useme tarehe itakayotolewa na kitakachofanyika mmoja wao akishindwa kutimiza.